Wazee wa Tarehe Moja Januari

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa kompyuta. Nilionyeshwa rundo la mafaili. Nilikuwa nimevaa sketi niliyoazima kwa dada yangu, viatu vipya vinanibana, na mkononi nina barua iliyosema wazi kwamba mimi, Verediana, nimeajiriwa kuingiza data katika ofisi moja ya Kacyiru, mjini Kigali. Mkuu wa Kitengo, mzee aliyesoma kwa Kifaransa na aliyezungumza Kiswahili cha Kigali bila kuona haya, alininyooshea kidole kwenye meza ya pembeni.

"Madamu, panga hii. Kwa majina."

Nikapanga. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia, na shuleni kule tulifundishwa kutii kwanza na kuuliza baadaye. Nilipomaliza, mzee alichomoa mafaili mawili akayaweka mbele yangu.

"Hapa iko watu mbili, jina moja. Nani anatangulia?"

"Yeyote tu, mkuu."

"Yeyote." Alivua miwani. "Madamu, yeyote ni jibu ya mtu ambaye faili si yake. Kama ingekuwa yako, ungesema yeyote?"

Nilimwona mzee msumbufu anayetafuta pa kunionea. Lakini nilirudi mezani, nikapanga upya kwa jina na kisha kwa jina la baba, na pale ambapo hata baba walifanana majina nikaangalia mahali pa kuzaliwa. Akapita, akatazama, akaenda kunywa chai. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaounda mifumo siku hizi huku vipokea sauti viko masikioni. Siandiki ili mnisifu. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia kwamba kupanga orodha ni kitu kidogo, mashine itajua yenyewe. Mashine haijui lolote. Nimeiona orodha ikimchafulia mtu jina mbele ya majirani zake, na wenye vyeo wakakunja mikono wakisema kompyuta haidanganyi. Kuna watakaosoma haya na kusema Verediana bado ana hasira. Wako sahihi, ninayo, na sina mpango wa kuipunguza.

Pale Kacyiru tulifanya kazi kwa skrini nyeusi zenye herufi za kijani. Kila fomu iliingizwa mara mbili, na watu wawili tofauti wasioangaliana, kisha programu ikalinganisha kazi zao na kuonyesha palipotofautiana. Ilichosha na ilichelewesha, lakini makosa yalikamatwa kabla hayajatoka nje ya mlango. Jioni nilisoma kuandika programu, kwa mwalimu Mkenya aliyekuwa akitufundisha kwenye sebule yake. Mkuu wa Kitengo aliposikia alisema tu, "Sawa. Sasa utaharibu vitu kubwa." Alistaafu kabla sijaharibu chochote.

Kituo changu cha pili kilikuwa Kicukiro, kwenye kampuni changa iliyounda mifumo ya wavuti, yaani programu ambazo mtu anazifungua kwenye kivinjari, hana haja ya kuzisakinisha kwenye kompyuta yake. Bosi wetu alikuwa Meneja wa Miradi, mwanamke Mtanzania mwenye sauti ya kukemea hata anapokukaribisha chakula. Huko ndiko nilikojifunza kwamba orodha ikipangika vibaya, usikimbilie kuipanga kwa mkono. Uliza kwanza imepangwa kwa kitu gani.

Kliniki moja ilitulalamikia kwamba mgonjwa mwenye namba kumi anaitwa kabla ya mwenye namba mbili. Watu karibu wapigane kwenye mabenchi. Vijana wawili walikuwa tayari wameanza kuandika programu ndefu ya kurekebisha. Nilipofungua hifadhidata, lile ghala ambalo mfumo unatunzia taarifa zake, nikakuta namba zimehifadhiwa kama maandishi. Mashine ilizipanga kama maneno, kwa alama ya kwanza, na kumi inaanza na moja. Kwa mashine, moja hutangulia mbili, basi. Tulibadilisha aina ya ile safu ya namba za wagonjwa kutoka maandishi kuwa namba, na mabenchi yakatulia.

Meneja wa Miradi alinitazama akasema, "Verediana, mwanangu, wewe huna haraka. Sijui kama ni uvivu au ni akili, lakini usiache."

Sikuacha. Ndiyo maana alipoondoka na kampuni ikapata Mkurugenzi mpya, mimi nikiwa Mkuu wa Kitengo cha Matengenezo, hatukuelewana hata wiki. Mkurugenzi alikuwa kijana wa Kinyarwanda aliyekulia Kampala, nadhifu, mwepesi wa kuahidi. Nampa haki yake: alituletea kazi nyingi. Miongoni mwa kazi hizo ulikuwa mfumo wa ushirika wa mafundi cherehani wa Nyamirambo.

Ushirika ule ulikuwa umejenga jengo lake la ghorofa. Kila mtu alitaka chumba cha chini, penye wateja wapitao njia, na wazee walikitaka zaidi kwa sababu ngazi zilikuwa zinawashinda. Wanachama wakakubaliana kwa desturi ambayo hata haikuhitaji kura: mkubwa kwa umri achague kwanza. Mfumo wetu ungewapanga kwa tarehe ya kuzaliwa, mkubwa juu, mdogo chini, kisha orodha ingechapwa na kubandikwa mlangoni. Karani wa ushirika, Mariamu, binti wa Nyamirambo hasa, aliyezaliwa hapo na kuolewa hapo, ndiye aliyepewa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo na kurekebisha taarifa za watu.

Mwezi haukuisha, maneno yakaanza. Orodha ilikuwa inabadilika. Mzee aliyekuwa juu leo, kesho yuko chini. Ilipobandikwa mlangoni, fundi mmoja alikuwemo mara mbili, na Mzee Rajabu, anayetembea kwa fimbo na aliyewafundisha nusu ya mafundi wa mtaa ule kukata suruali, hakuwemo kabisa. Watu wakaanza kusema Mariamu anauza nafasi. Usipompa kitu, anakushusha.

Mkurugenzi aliniita ofisini. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa, inasubiri sahihi yangu.

"Madamu Vere, logi iko wazi," alisema. Logi ni kumbukumbu ambazo mfumo unajiandikia wenyewe: nani ameingia, amegusa nini. "Kila mzee mwenye alishuka, Mariamu alifungua rekodi yake kabla. Kila mmoja. Mkono ni yake."

"Alibadilisha nini kwenye hizo rekodi?"

"Namba ya simu. Hiyo ni kisingizio. Mfumo wetu hauna shida, tuliufanyia majaribio."

"Namba ya simu inamshushaje mtu kwenye orodha ya umri?"

"Hiyo ataieleza yeye. Mkutano wao ni Jumamosi baada ya umuganda. Watamwondoa, tutabadilisha neno la siri, na hii kitu itaisha. Niko na wateja wengine wawili wanaangalia. Weka sahihi, tafadhali, mama."

Aliniita mama kwa adabu, nami nikakataa kwa adabu ileile. Akaniuliza kama nafahamu kwamba natetea mtu nisiyemjua. Nikamwambia simtetei mtu, ila sijaelewa hitilafu, na sijawahi kuweka sahihi chini ya kitu nisichokielewa. Akaniambia nimebakiza muda mfupi nistaafu, nisijiharibie. Hilo ndilo lililonipandisha mori. Mtu akishaanza kukuhesabia miaka yako ili unyamaze, ujue anajua kuna kitu cha kusema.

Nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka Nyamirambo. Mariamu nilimkuta kwenye kiofisi chake, mlango wazi, na watu wanaopita wanachungulia kisha wanaongeza mwendo. Hakuniamkia kwa furaha. Alijua nimetoka wapi.

"Mi nimegusa, sikatai," alisema hata kabla sijakaa. "Mtu anakuja, ananiambia, Mariamu, simu yangu imebadirika, andika hii mpya. Nisiandike? Ndiyo kazi yangu."

"Na baada ya hapo jina linashuka?"

"Linashuka. Nimeona kwa macho yangu." Akafunga mlango. "Madamu, nikueleze kitu. Nimeanza kujiogopa. Nikimaliza kuandika naangalia vidole vyangu. Jana mume wangu ameniuliza, polepole tu, kama nilichukua kitu kwa watu. Mume wangu."

Hakulia, na afadhali angelia. Nilimwomba afungue orodha, asiguse kitu, tuitazame tu. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza kwenye kazi hii na wengi mnairuka. Tulipitisha macho kwenye majina ya juu, mimi nikisoma tarehe za kuzaliwa kwa sauti. Tarehe moja Januari. Tarehe moja Januari. Tarehe moja Januari.

Mnaojua Rwanda mmeshaelewa. Wazee wetu wengi hawakuandikiwa siku waliyozaliwa. Mama alikumbuka kwamba ilikuwa msimu wa kuvuna mtama, au mwaka ambao ng'ombe walikufa, na karani aliyewaandikisha, akiwa na mstari mrefu nyuma yake, akakisia mwaka na kuandika tarehe moja Januari. Wengine walikuwa na vyeti vikapotea, wakaandikwa upya hivyohivyo. Watu wanaofuatana kwa miaka kadhaa walibebwa wote kwenye mwaka mmoja. Kwa hiyo juu ya orodha ya ushirika kulikuwa na kundi zima la wazee ambao, kwa mujibu wa karatasi, walizaliwa siku moja kama watoto wa mama mmoja.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Programu yetu iliiambia hifadhidata: nipangie watu kwa tarehe ya kuzaliwa. Haikusema: na wakilingana, je? Pasipo ufunguo wa pili wa kupangia, hifadhidata haiahidi lolote. Waliolingana itakutolea kwa mpangilio wowote ulio rahisi kwake, na aghalabu kilicho rahisi ni kuwasoma kama walivyolala ndani. Na hifadhidata tuliyoitumia, ukibadilisha rekodi ya mtu, hata tarakimu moja ya simu, haifuti ya zamani na kuandika juu yake. Huandika nakala mpya mahali pengine, mara nyingi mwishoni, na ile ya zamani inaachwa kama mfu. Basi kila mzee aliyeleta simu mpya kwa Mariamu alihamishwa hadi mkiani mwa waliolingana naye. Mkono ulikuwa wake kweli. Kosa halikuwa lake.

Lililompoteza Mzee Rajabu lilitokana na hilohilo. Orodha ilichapwa ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa ulikuwa swali jipya kwa hifadhidata. Ilipoulizwa ukurasa wa kwanza ilipanga wazee hivi, ilipoulizwa wa pili ikapanga vile. Aliyesogea kwenda chini akaonekana kwenye kurasa zote mbili. Aliyesogea kwenda juu, kama Mzee Rajabu, hakuonekana kwenye ukurasa wowote.

Na majaribio ya Mkurugenzi? Niliyaangalia. Vijana walikuwa wametunga watu wa mfano, kila mmoja na tarehe yake, huyu Machi, yule Agosti. Hawakuweka hata wawili waliozaliwa siku moja. Walikuwa watoto waliozaliwa hospitalini, wenye keki kila mwaka, na haikuwajia akilini kwamba bibi zao wenyewe ni wa tarehe moja Januari.

Nilimwandikia Mkurugenzi maelezo yote. Alijibu kwamba nirekebishe kimyakimya, na kwamba ripoti itabaki ilivyo. Nilirudia kusoma jibu lake ili nisije nikamsingizia. Alitaka mfumo uponywe na Mariamu afukuzwe.

Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga mtaa, mafundi waliingia ukumbini wakiwa bado na udongo kwenye viatu. Mkurugenzi alikuwa amekaa mbele karibu na Mwenyekiti wa ushirika, mzee mnene mcheshi ambaye siku hiyo hakuwa na ucheshi. Mariamu alikaa peke yake, viti vya pande zote mbili vikiwa vitupu. Nilikuwa sijaalikwa. Nilikwenda mbele, nikaunganisha kompyuta yangu na projekta, nikamwamkia Mwenyekiti.

"Mzee, naomba uje ubadilishe namba yako ya simu."

"Simu yangu ni ileile."

"Badilisha tarakimu moja tu. Tutairudisha. Jina lako liko wapi sasa?"

Alitazama ukutani. "Iko ya pili."

"Umezaliwa lini?"

"Wanasema tarehe moja Januari," akajibu, na wazee wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wa siri moja.

Mkurugenzi aliinuka. "Madamu, hii haiko kwenye ajenda."

"Iko kwenye ukuta," nikasema. "Kaa, baba, uangalie."

Mwenyekiti aliandika kwa kidole kimoja. Akabonyeza kuhifadhi. Nikafungua orodha upya, na wa pili alikuwa mtu mwingine. Tulimtafuta Mwenyekiti tukishuka, tukishuka, mpaka tukamkuta mwisho kabisa wa wazee wa tarehe yake. Yeye mwenyewe alisimama akijitazama pale chini.

"Sasa," alisema polepole, "mimi nimejishusha mwenyewe. Mnaniuliza nani alinipa rushwa?"

Mzee Rajabu aligonga fimbo sakafuni. "Muulize Mariamu kama atatusamehe. Hiyo ndiyo ya kuuliza."

Niliwaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi hapa. Kisha likabaki swali lenyewe: waliolingana wapangwe vipi? Mkurugenzi, akijaribu kuokoa siku, alipendekeza herufi za majina. Wazee hawakutaka hata kulisikia. Wao kwa wao walijua nani mkubwa. Hawakujua tarehe, lakini huyu alimkuta yule tayari ana cherehani, yule alimbeba huyu mgongoni, wale wawili walitahiriwa pamoja. Walijipanga wenyewe ukutani, wakisukumana na kutaniana, na hapakuwa na ugomvi hata mmoja. Nikaongeza kwenye mfumo ufunguo wa pili, nafasi ya mtu kwa wenzake wa tarehe moja, kama walivyojitaja. Chini yake nikaweka wa tatu, namba ya uanachama, ambayo haiwezi kufanana kwa watu wawili, ili hata siku moja mashine isibaki na nafasi ya kuchagua yeyote.

Kabla ya kuondoka nikasoma ripoti yangu mbele ya wote. Ilikuwa fupi. Mfumo ulikosea. Waliouunda hawakufikiria watu wanaolingana. Karani hakukosea, na aliyemtuhumu anawiwa kumwomba radhi hapa hapa, mbele ya wote. Mkurugenzi alitaka neno "mfumo ulikosea" liwe "kulikuwa na changamoto ndogo". Nilimwambia changamoto ndogo haimfanyi mwanamke aangalie vidole vyake mwenyewe. Aliomba radhi, kwa Kiingereza kwanza, na wazee wakamtaka arudie kwa lugha ya wenye nyumba. Akarudia.

Jumatatu nilikuta meza yangu imehamishiwa chumba cha printa mbovu. Huko ndiko nilikomalizia kazi. Siku ya kustaafu hakuna aliyetoa hotuba, na mimi nilibeba kikombe changu nikaenda zangu. Watu huniuliza kama najuta. Najuta vitu vingi, hata viatu vile vya siku ya kwanza najuta, lakini hiki hapana. Mngenirudisha leo na Mkurugenzi yuleyule, ningepanda moto ileile. Na nyinyi, mkiletewa ripoti iliyoandikwa kabla ya uchunguzi, kataeni. Watawaambia mna kichwa kigumu. Kuweni nacho.

Kila mwaka ushirika unapofanya mkutano wake, hunialika, na mimi hukaa nyuma. Kabla ya ajenda yoyote, Mariamu huja mbele, huwasha projekta na kufungua orodha. Huchagua mzee mmoja wa tarehe moja Januari. Mwaka huu alimchagua Mzee Rajabu, ambaye ana chumba chake cha chini, cha kwanza ukiingia. Akabadilisha tarakimu moja ya simu yake, akabonyeza, akafungua upya.

Jina halikusogea.

Mariamu aliinua mkono wake wa kulia ili hata sisi wa nyuma tuuone. "Mmeona mkono wangu?"

"Tumeona," ukumbi ukajibu.

Akarudisha namba ya mzee kama ilivyokuwa, akaenda kukaa, na viti vya pande zake zote mbili vilikuwa na watu.